Ndege Iliyogongana na Ungo

Miaka ile magazeti yalikuwa yanaota Dar es Salaam kama uyoga baada ya mvua za kwanza, na kama uyoga wenyewe, mengine yalilika na mengine yaliua. Tadei Sikazwe, mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Sumbawanga, alikuwa mwakilishi wa mojawapo, gazeti lililoitwa Tarumbeta. Walimpa kitambulisho chenye picha yake na muhuri uliopinda, naye alikivaa shingoni hata siku za Jumapili akienda misa.

Ila Tadei alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuandika mambo kama yalivyo. Aliandika habari ya mahindi yaliyooza ghalani kwa kuwa serikali imejitoa kununua na wanunuzi binafsi hawajafika. Akaenda mwenyewe kuingiza mkono kwenye magunia. Haikutoka. Aliandika habari ya daraja lililobomoka. Hiyo ilitoka, mistari minne, chini ya tangazo la dawa ya mende, na daraja lenyewe wakalihamishia Singida. Kila alipompigia simu mhariri wa habari za mikoani, bwana mmoja aitwaye Yohanes, alijibiwa lile lile.

"Mwalimu, Sumbawanga nzima hamna kitu? Hata radi?"

Kwa watu wa Dar, Sumbawanga ni mahali ambapo radi hutumwa kama barua. Tadei alicheka kwa adabu, akaahidi kuangalia.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikipasua watu midomo, saa nne wanafunzi wakiwa mapumziko, ndege ndogo ilipita juu ya shule ikikohoa. Ikakohoa mara ya pili, ya tatu, kisha ikanyamaza kabisa. Watoto wakashangilia. Tadei alichukua baiskeli bila kumuaga mwalimu mkuu, akashika njia ya kijiji cha Mollo kuifuata.

Aliikuta katika shamba la mama yake mkubwa.

Mama mkubwa huyo ni Silvana, mjane, mkulima wa ulezi na mahindi, mwanamke mwembamba mwenye mgongo uliokwishaanza kuinama na ulimi usioinama hata kidogo. Ulezi wake ulikuwa umevunwa, shamba limebaki mashina matupu, na katikati ya mashina ndege ilikuwa imepiga goti, gurudumu la mbele limevunjika na bawa moja limeegemea kichuguu. Hapakuwa na moshi wala damu. Rubani, Kapteni Shedrack, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa Silvana, kofia magotini, anakunywa togwa. Abiria wake pekee, dada Justina wa mradi wa chanjo ya mifugo, alikuwa amefungwa kifundo cha mkono kwa kipande cha kanga, analalamikia kiatu kilichopotea.

"Shikamoo mama mkubwa," alisema Tadei.

"Marahaba. Umekuja kunisalimu mimi, au umewafuata hawa?"

Tadei alitoa daftari. Kapteni Shedrack akaweka kikombe chini.

"Andika kwamba nimetua," alisema. "Usiandike nimeanguka. Mafuta yalikuwa na maji, injini ikazima, nikatafuta mahali pa wazi, nikatua. Kuanguka ni neno la watu waliokufa."

"Ametua juu ya kuku wangu," alisema Silvana. "Mtetea wa mayai. Andika na hilo."

Tadei akaandika yote mawili. Akamuuliza pia Shija, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake miaka mitano nyuma, ambaye ndiye aliyemtoa Justina ndani ya ndege kwa kumbeba kama ndama.

"Nimeona mwanzo hadi mwisho," alisema Shija. "Imekuja kimya, imepita juu ya ng'ombe wangu. Bibi alikuwa hapa uani anapepeta. Imegusa chini, imeruka, imegusa tena, imesimama. Hayo tu."

Tadei alirudi mjini akikanyaga baiskeli kwa furaha ya mtu ambaye habari imemwangukia, au tuseme imemtulia, mlangoni kwa ndugu yake. Akaenda posta, akaomba simu ya Dar, akangoja kwenye benchi mpaka jina lake likaitwa na kibanda cha simu kikawa chake.

"Ndege?" Yohanes aliamka kwenye simu. "Wamekufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa."

"Majeruhi mahututi?"

"Mmoja, ameteguka kifundo cha mkono. Na kuku mmoja amekufa."

Ilisikika kalamu ikiwekwa mezani.

"Mwalimu," alisema Yohanes taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Unaniletea ndege isiyokuwa na maiti. Ina viti vingapi hiyo ndege?"

"Sita. Lakini walikuwa wawili tu."

"Sita," Yohanes alirudia, na kalamu ikasikika ikikwaruza. "Na huyo mwenye shamba?"

"Ni bibi mmoja. Alikuwa uani anapepeta ulezi."

"Anapepeta kwa nini?"

"Kwa ungo."

Kalamu ikaacha kukwaruza.

"Rudia hapo mwisho."

"Kwa ungo. Alikuwa ameshika ungo, akainua macho, akaiona ndege inakuja."

"Aliinua na ungo?"

"Nadhani aliinua, kujikinga na vumbi."

"Asante sana, mwalimu," alisema Yohanes, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane sauti yake ilikuwa na upendo. "Leo umeandika."

Tadei alitoka posta kifua mbele. Alijisemea kwamba kumbe siri ni vitu vidogo vidogo. Ungo ule, ambao nusura auache, ndio uliomfungua mhariri masikio.

Magazeti ya Dar yalifika Sumbawanga kwa basi la Mbeya, yakiwa na vumbi na umri wa siku mbili tatu. Jumatatu mchana kondakta alimrushia Tadei nakala yake, akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama kabla.

Kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi nyekundu zenye ukubwa wa kidole, paliandikwa: NDEGE YAGONGANA NA UNGO SUMBAWANGA. Chini yake: Sita wateketea, ajuza anusurika. Palikuwa na picha ya ndege kubwa ya injini nne ikiwaka moto, ndege ya jeshi la nchi ambayo Tadei hakuitambua, ikiwa na theluji pembeni. Habari ilieleza kwamba ajuza mmoja wa kijiji cha Mollo, aliyekuwa safarini kwa usafiri wake wa asili, alikata njia ya ndege ya abiria mchana kweupe, na kwamba mashuhuda walimwona akitua salama huku ungo ukitoa cheche. Shuhuda mmoja, mfugaji, aliona "mwanzo hadi mwisho." Juu kabisa, kwa herufi nzito: Na Tadei Sikazwe, Sumbawanga.

Alisoma amesimama. Akasoma tena amekaa. Kuku hakutajwa.

Hakupata hata nafasi ya kulikunja, Kapteni Shedrack alitokea kutoka nyumba ya wageni alikokuwa akimngoja fundi na vipuri, ana nakala yake mkononi.

"Nimekufa," alisema.

"Kapteni, mimi sikuandika hivi."

"Jina ni lako. Nimempigia mke wangu simu Dar. Nyumba imejaa watu, wanapika pilau. Amekata simu mara mbili. Mara ya tatu akampa kaka yangu, na kaka yangu akaniambia niwe na utu, nisichezee familia yenye msiba." Alivuta pumzi. "Kaka yangu huyo amevaa koti langu. Nimemsikia akimwambia mtu kwamba linamtosha."

Tadei alipanda baiskeli kwenda Mollo, na njia ile haikuwahi kuwa fupi hivyo. Gazeti lilikuwa limemtangulia. Pembeni ya shamba walisimama watu kama ishirini, hawaitazami ndege; wanatazama paa la Silvana. Tadei akamwona Shija miongoni mwao, akamvuta kando.

"Shija, wewe ulikuwepo. Waambie ulichokiona."

Shija alikuna shingo kwa fimbo yake. Alikuwa mtu mwaminifu, na aibu ilimwonekana usoni.

"Nilikuwepo, mwalimu. Lakini unajua, ng'ombe walishtuka, nikageuka kuwatazama. Huenda kuna kitu kimenipita."

"Ulisema umeona mwanzo hadi mwisho."

"Ndiyo. Na gazeti limesema hivyo hivyo. Sasa kama gazeti linajua kwamba mimi niliona, basi na hayo mengine linayajua."

Tadei alimwacha na fimbo yake. Akaingia ndani.

Silvana alikuwa amekaa jikoni, anachambua maharage. Shule aliiacha darasa la pili, wakati wa wamisionari, na herufi zilikuwa zimemtoka zamani.

"Nisomee," alisema.

Tadei alisoma. Alipofika kwenye usafiri wa asili, alipunguza sauti, akaruka mstari.

"Soma na hapo ulipopameza."

Akapasoma. Silvana alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiendelea kutupa kando maharage yaliyotobolewa.

"Jina lako limeandikwa?"

"Limeandikwa, mama mkubwa. Juu."

"Na langu?"

"Wameandika ajuza."

"Basi wewe umekuwa mtu na mimi nimekuwa ajuza. Habari ya ungo ulimwambia wewe?"

"Nilimwambia ulikuwa unapepeta."

"Nilikuwa napepeta kweli," alisema Silvana. "Sijui ni lini kupepeta kulianza kuhitaji mashahidi. Kesho utanipeleka nikaongee na huyo bwana wako."

Kesho yake, Jumanne, walikwenda posta watu watatu: Silvana kwenye kibebeo cha baiskeli akiguna kila jiwe, Tadei akikanyaga, na Kapteni Shedrack akiwangoja mlangoni, amenyoa ndevu na kuvaa sare yake yote, ili afanane na mtu hai. Kwa mambo yaliyotokea baadaye, ingekuwa heri kama simu ingekuwa mbovu siku hiyo, kama ilivyokuwa siku nyingi nyingine. Lakini iliingia mara moja, safi kabisa.

Kapteni alianza. Alitaja jina lake, namba ya leseni yake na jina la mama yake mzazi.

"Nimefurahi sana kukusikia," alisema Yohanes. "Unajisikiaje?"

"Najisikia mzima. Sikufa."

"Na kabla ya kuzinduka, uliona nini? Mwanga?"

Kapteni akampa Silvana simu.

"Mwanangu," alisema Silvana, akiupazia sauti mkonga wa simu kwa kuwa Dar ni mbali, "mimi ndiye mwenye ungo. Nina miaka sitini na nne. Nina watoto wanne na ubatizo. Hujawahi kuniona na mimi sijawahi kukuona. Huyu rubani alifika kwangu akiwa anatetemeka, nikampa togwa, akapata nguvu. Mengine yote umeyatunga. Nataka uyafute kama ulivyoyaandika, kwa rangi ile ile nyekundu."

"Tutarekebisha, mama. Bila shaka," alisema Yohanes. "Ulimpa nini, ulisema?"

"Togwa."

"Akapata nguvu."

"Akapata nguvu, ndiyo. Wewe hujawahi kunywa togwa?"

Yohanes alishukuru mara tatu. Njiani kurudi Mollo Silvana alikuwa mchangamfu. Alisema yule bwana ana sauti ya kistaarabu, labda alidanganywa na watu wa mashine za kuchapa. Tadei, aliyeijua sauti ile inapokuwa na upendo, alikanyaga baiskeli macho yakiwa barabarani.

Masahihisho yalifika Ijumaa. Yalikuwa ukurasa wa mbele, kwa rangi nyekundu, kama alivyoagiza. MAREHEMU APIGA SIMU. Chini yake: Ajuza wa ungo amfufua rubani kwa dawa ya kunywa, asema ana watoto wanne. Ndani, kwenye kona, chini ya ratiba ya mpira, palikuwa na mistari miwili iliyosema kwamba gazeti lilikosea katika toleo lililopita kuhusu idadi ya viti.

Sasa walianza kuja wenye shida zao. Mtu mmoja alitoka Tunduma kwa lori, akapiga magoti mbele ya Silvana na kumwomba amfufue mdogo wake aliyezikwa Pasaka. Mwenye mabasi fulani alituma kijana wake kuuliza kama basi la mshindani linaweza kugongwa na ungo bila kuumiza abiria. Silvana aliwapa wote jibu moja, akionyesha njia waliyojia. Hao hawakumuuma. Waliomuuma ni wa jumuiya, majirani zake wa kusali pamoja. Jumamosi ilikuwa zamu yake kupokea sala. Alipika maharage na ugali wa ulezi wa watu kumi na wawili. Walikuja watatu, wakasali haraka haraka huku wameshika rozari kwa mikono miwili, na wote watatu, kwa bahati ya ajabu, walikuwa wameshiba.

Jumapili alfajiri aliamka akakuta kihenge chake kimeungua. Ulezi wa msimu mzima ulikuwa majivu yanayonuka bisi. Katika habari yote ile ya ndege iliyoteketea, hicho ndicho kitu pekee kilichopata kuungua.

Tadei alipofika alimkuta amekaa kwenye kigoda kile kile alichokalia rubani, anatazama majivu. Hakuwa analia. Alimwuliza tu kama ana kiberiti, maana chake haoni kilipo, na hataki kwenda kuomba kwa jirani asubuhi ya namna hii.

Tadei alimpa. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, akatoa daftari la kuandalia masomo, akaandika kurasa tatu. Silvana hakumuuliza anaandika nini.

Baada ya misa, wakati wa matangazo, Tadei alimwendea katekista na kumwomba nafasi. Katekista, aliyekuwa amelisoma gazeti mara nne, alimpa bila kusita, akidhani kuna toleo jipya. Tadei alisimama mbele ya watu, akavua kitambulisho shingoni na kukiweka mfukoni, akasoma. Alisoma kwamba ndege ilikuwa na watu wawili, wote wazima. Mafuta yalikuwa na maji. Aliyekufa ni kuku. Kisha akafungua ukurasa wa tatu.

"Mimi ndiye niliyesema neno ungo kwenye simu. Bwana wa gazeti hamjui mama mkubwa. Mimi namjua, nimelelewa na huo ungo, na nililisema neno lile kwa kuwa lilimfurahisha. Nilipoona amefurahi, sikuuliza kwa nini. Aliyechoma kihenge simjui, lakini kiberiti nilimpa mimi."

Alikunja daftari. Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma aliinua mkono, taratibu, kama mtu wa mkutano wa kijiji.

"Mwalimu, tunakushukuru. Ila mimi nauliza. Maneno haya ya leo umeyaandika kwa mkono, kwenye daftari la shule. Yale yamepigwa chapa, na yana picha. Sasa sisi tushike lipi?"

Wengine waliitikia kwa kichwa. Swali lilikuwa la haki. Tadei alisema washike la mtu aliyekuwepo. Baadhi walishika, baadhi walikwenda nyumbani kufikiri.

Lakini Shija, ambaye hakuwa mtu wa kanisa na alikuwa amesimama nje dirishani kwa sababu zake, alikwenda moja kwa moja Mollo. Fundi alikuwa amemaliza kazi tangu Ijumaa. Ndege ilihitaji kuvutwa mpaka barabarani ili iruke, na hakuna aliyetaka kuigusa. Shija alimkuta Silvana anakusanya ulezi wa pembeni ambao moto haukuufikia. Alisimama mbali kidogo, fimbo mabegani.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuuliza jambo moja, usinikasirikie."

"Uliza."

"Unaruka?"

Silvana alinyoosha mgongo kwa shida, mkono kiunoni.

"Shija, Jumanne nilikwenda mjini kwenye kibebeo cha baiskeli ya Tadei. Nililala kifudifudi siku mbili kwa sababu ya zile kona. Ningekuwa na kitu kinachoruka, ningekwenda na baiskeli?"

Shija alilifikiria jibu hilo kwa makini, akalizungusha kichwani kama anavyomzunguka ng'ombe wa kununua, asilione kilema.

"Hapana," alisema. "Usingekwenda na baiskeli."

Akarudi kwake, akaja na maksai wanane na minyororo ya plau. Akaifunga ndege nyuma yao, akaivuta mpaka barabarani, Kapteni Shedrack akitembea ubavuni mwa bawa na kusema pole pole, pole pole, kama mtu anayehamisha kabati la vioo. Watu walijitokeza kutazama, na kwa kuwa mikono ilihitajika, wakasukuma. Kabla ya kupanda, Kapteni alimpa Silvana kuku wawili aliowanunua sokoni. Alimwambia kwamba matanga yake yameahirishwa na kwamba kaka yake amekataa kurudisha koti. Injini ikawaka, ndege ikakimbia kwenye changarawe, ikanyanyuka, ikashika njia ya mashariki.

Wiki ile ile watu wa jumuiya walimletea Silvana ulezi debe debe, kila mmoja kwa wakati wake, bila kutaja kihenge. Kila mmoja alikula kitu kabla ya kuondoka, na Silvana alihakikisha anakimaliza mbele yake.

Tadei aliandika barua ya kujiuzulu Tarumbeta, akarudisha kitambulisho ndani ya bahasha. Yohanes hakujibu. Tadei alirudi kwenye sehemu na desimali, akalala vizuri, na kwa majuma matatu hakununua gazeti.

Juma la nne alikuwa stendi anangoja mgeni, kondakta wa basi la Mbeya akamwona, akashuka kumpa mkono.

"Mwalimu, hongera. Hiyo ya samaki wa Kabwe, kule ziwani, imetulia. Mwenye meno ya binadamu."

Alimpa gazeti. Palikuwa na samaki, palikuwa na meno, na juu yake, kwa herufi nzito: Na Tadei Sikazwe, Kabwe.

"Sijawahi kufika Kabwe," alisema Tadei. "Na hao niliacha kuwaandikia."

Kondakta aliangalia huku na huku, akamsogelea, akashusha sauti kwa heshima.

"Naelewa, mwalimu. Najua hamruhusiwi kusema."